Mombasa Ng'ambo ya Maji: Safari za Siku Moja Kisauni, Changamwe na Likoni

Utangulizi

Mgeni anayefika Mombasa kwa mara ya kwanza huelekezwa kisiwani. Huonyeshwa Fort Jesus, akapitishwa katika vichochoro vya Mji wa Kale, akapigwa picha chini ya pembe za Barabara ya Moi, kisha akaambiwa kwamba ameiona Mombasa. Vitabu vingi vya kuwaongoza watalii hufuata mkondo huo huo. Sehemu zilizoko ng'ambo ya maji, yaani Kisauni upande wa kaskazini, Changamwe upande wa magharibi na Likoni upande wa kusini, hutajwa kama njia tu za kumfikisha mgeni kwenye hoteli za ufuoni, uwanja wa ndege au stesheni ya gari la moshi.

Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo ni pungufu. Kwa mujibu wa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wakazi 1,208,333. Kati ya hao, waliohesabiwa Mvita, ambayo ndiyo sehemu ya kisiwani, walikuwa 154,171 pekee. Kwa maneno mengine, takriban watu saba katika kila wanane wa Mombasa huishi ng'ambo. Aidha, kati ya maeneo bunge sita ya kaunti hiyo, matano (Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali na Likoni) yako nje ya kisiwa. Hata hivyo, jambo la msingi si idadi ya watu tu. Mengi yaliyoifanya Mombasa kuwa mji mkuu, na mengi yaliyoifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya maandishi ya kisasa, yalitendeka ng'ambo hiyo. Kwa hiyo anayeishia kisiwani huwa amesoma nusu ya kitabu.

Makala yanaeleza safari tatu, kila moja ya siku moja, ambazo mwanafunzi au mgeni yeyote anaweza kuzifanya kwa kupitia milango mitatu ya kisiwa: Daraja la Nyali, Makupa na kivuko cha Likoni. Kabla ya kuianza safari ya kwanza, inafaa kukumbusha kwa ufupi historia ya mji wenyewe.

Kisiwa na Ng'ambo Yake

Wareno waliijenga Fort Jesus kati ya mwaka 1593 na 1596. Ngome hiyo ilitekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa takriban miaka mitatu, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwishoni mwa karne ya 19 Mombasa ilikuwa makao ya Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1895 ikawa makao ya utawala wa himaya ya Waingereza katika Afrika Mashariki. Hadhi hiyo ya mji mkuu ilihamishiwa Nairobi mwaka 1905. Haya yanajulikana na wengi.

Lisilotajwa mara kwa mara ni kwamba mji huo haukuwahi kuwa kisiwa peke yake. Waswahili wa Mombasa hujigawa katika mataifa kumi na mawili, ambayo kwa pamoja huitwa Thenashara Taifa. Matatu kati yake, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, ndiyo Thelatha Taifa. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Msomaji akiyatazama majina haya kwa makini ataona kwamba Changamwe, Jomvu, Mtwapa na Kilifi ni mahali palipo ng'ambo ya maji. Waliokuja kuitwa watu wa mji walikuwa na asili, makonde na jamaa ng'ambo, na mataifa yao yalikuwa na mapatano ya muda mrefu na majirani wao Wamijikenda.

Lugha nayo inathibitisha uhusiano huo. Wataalamu wa lahaja wamebainisha kwamba pamoja na Kimvita, eneo la Mombasa lina lahaja ndogo kama vile Kijomvu na Kingare. Jina Kongowea, ambalo hivi leo ni la soko kubwa la vyakula na nguo upande wa Kisauni, katika mapokeo ni jina la mji wa kale wa kisiwani uliohusishwa na malkia Mwana Mkisi, kabla ya enzi ya Shehe Mvita. Kwa hiyo anayeshuka katika matatu sokoni Kongowea kununua nyanya analitamka jina la zamani la Mombasa yenyewe, yamkini bila kujua.

Ni vyema pia kutambua kwamba neno "bara" lina utata mjini Mombasa. Mtu anaposema anakwenda bara, huenda ana maana ya Nairobi na kwingineko mbali, au huenda ana maana ya ng'ambo ya kisiwa. Ndiyo sababu makala haya yanapendelea neno "ng'ambo", ambalo huonyesha ukaribu: mtu aliye ng'ambo ni mtu unayeweza kumwita akakusikia.

Mlango wa Kwanza: Kisauni na Pwani ya Kaskazini

Safari ya kwanza huanzia Daraja la Nyali. Daraja linalotumika sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea lililoanza kutumika mwaka 1931. Mara tu baada ya kuvuka, upande wa Nyali unaotazamana na kisiwa, kuna mnara wa ukumbusho wa Johann Ludwig Krapf pamoja na kaburi la mkewe, Rosina. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa wakazikwa hapo ng'ambo. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kusimama mbele ya kaburi hilo. Krapf ndiye aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kamusi hiyo imejengwa juu ya Kiswahili alichokisikia Mombasa na kandokando yake.

Kutoka hapo hadi Kengeleni ni mwendo mfupi. Jina la mahali hapa linatokana na kengele iliyotundikwa katika mnara mdogo wa mawe kando ya barabara. CMS ilianzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na ikakipa jina la Bartle Frere, mwanadiplomasia Mwingereza aliyeshughulikia mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa na Sultani wa Zanzibar. Kengele hiyo iliwaita watu kazini na kanisani. Wenyeji husimulia pia kwamba ililizwa kuwatahadharisha wanakijiji wavamizi walipokaribia. Masimulizi hayo yanaaminika kwa urahisi, maana waliokuwa na watumwa mjini hawakukipenda kijiji kilichokuwa kimbilio la watoro. Kanisa la Emmanuel, lililojengwa katika karne hiyo hiyo, lingali pale na lingali na waumini.

Freretown haikukaliwa na waliokombolewa baharini pekee. Walikuwamo pia Waafrika waliokuwa wamepelekwa India baada ya kukombolewa, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarejeshwa Afrika Mashariki. Watu hao, walioitwa Wabombei, walikuwa waashi, walimu, maseremala na makatekista. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Hivyo basi hadithi ya Kengeleni ni hadithi ya watu wa makabila mbalimbali, wengi wao wakitoka maeneo ya Nyasa na Uyao, waliokutanishwa na msiba na wakahitaji lugha moja ya kuelewana. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili.

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Mwaka 1934 James Mbotela, mzao wa jamii hiyo, alichapisha Uhuru wa Watumwa, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili vilivyoandikwa na Mwafrika wa Afrika Mashariki. Kitabu hicho kinasimulia jinsi watu walivyotekwa, walivyosafirishwa, walivyookolewa baharini na manowari za Waingereza na jinsi walivyoanza maisha mapya Freretown. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwabebesha Waarabu lawama yote ya utumwa. Lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, anayekisoma kitabu hicho darasani bila kufika Kengeleni hukiona kama hoja ya kisiasa tu, ilhali aliyefika huelewa kwamba mwandishi alikuwa akieleza asili ya majirani zake na ya nyumba alizozijua. Suala la nani aliyemkomboa nani lina sura nyingine linapoulizwa na mtu ambaye jamaa zake ndio waliokombolewa.

Kuna jambo la pili la lugha linalohusu mahali hapa. Wamisionari wa CMS walikuwa watetezi wakubwa wa Kimvita. Mmoja wao, William Taylor, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji ambayo bila hivyo huenda yangalipotea. Lakini katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo Kimvita, lahaja ya Muyaka na ya kamusi ya Krapf, kilishindwa katika mji wake chenyewe. Wanafunzi wa isimu huusoma uamuzi huo kama tarehe. Freretown inawakumbusha kwamba nyuma ya tarehe hiyo palikuwa na watu waliofundisha, waliotafsiri na waliosali kwa lahaja iliyoachwa.

Baada ya Kengeleni barabara ya Malindi huelekea Bombolulu. Pana kituo kilichoanzishwa mwaka 1969 ambapo watu wenye ulemavu hutengeneza vikuku, mikoba, nguo na vinyago vya kuuza. Mbele zaidi ni Bamburi, penye Haller Park. Timbo la kiwanda cha saruji, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, liliacha ardhi ya matumbawe iliyo tupu, yenye joto kali na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu kupanda aina 26 za miti. Iliyostahimili ilikuwa mitatu tu, mmojawapo ukiwa mvinje. Tatizo lilikuwa kwamba majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, hivyo hayakuzaa udongo. Suluhisho lilikuwa majongoo. Waliletwa wakayala majani hayo, na samadi yao ikawa mwanzo wa udongo ambamo miti mingine ilimea. Mahali hapo palifunguliwa kwa wageni mwaka 1984. Umaarufu wake ulienea duniani baada ya Desemba 2004, wakati mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi alipoletwa hapo, akapewa jina Owen, na akaandamana na kobe mkongwe wa Aldabra aitwaye Mzee. Watoto humpenda kiboko. Mtu mzima angefaa kumkumbuka pia jongoo.

Safari hii hukamilika ng'ambo ya hori la Mtwapa, ndani ya Kaunti ya Kilifi, katika magofu ya Jumba la Mtwana. Ni mji wa mawe na matumbawe ulioshamiri katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne ya 15. James Kirkman aliuchimbua mwaka 1972. Mgeni huona misikiti, nyumba zenye vyumba vilivyopangika vizuri, visima, na msikiti ulio karibu sana na bahari wenye makaburi kando yake. Jina la asili la mji huo halikuhifadhiwa. Jina la sasa, yaani nyumba kubwa ya mtumwa, lilitolewa na watu waliokuja baadaye. Hapo msomaji hupata jambo la kutafakari: mji uliosahauliwa jina na waungwana wake unakumbukwa kwa jina la mtwana.

Mlango wa Pili: Changamwe, Jomvu na Rabai

Safari ya pili hupitia Makupa. Kwa miaka mingi kisiwa kiliunganishwa na Changamwe kwa tuta lililokuwa limeziba maji ya hori la Tudor yasikutane na yale ya Port Reitz. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa mahali pa tuta hilo, na maji yakaruhusiwa kupita tena. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikavukia hapo Makupa, ikapanda Changamwe, na ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ni kinaya cha historia kwamba reli iliyoanzia Mombasa ndiyo iliyouchukua mji mkuu wake: Nairobi, iliyokuwa kambi ya wajenzi wa reli, ilipata hadhi hiyo miaka minne tu baada ya reli kukamilika.

Changamwe ya leo ni mji wa kazi. Pana uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi, maghala, malori ya makontena, na kiwanda cha mafuta ambacho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kwa kawaida watalii hupita na vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Hata hivyo, kando ya barabara ya Port Reitz upo ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ambapo mgeni huwaona mafundi wameketi chini ya mabanda ya makuti na mabati, mmoja akikata gogo, mwingine akichonga, wa tatu akipiga msasa. Vinyago vingi vinavyouzwa madukani kisiwani na ufuoni hutoka katika mikono ya namna hiyo. Kununua hapo ni kumlipa aliyechonga.

Jomvu Kuu, ambako ndiko kwao Wajomvu, iko kando ya hori, kati ya mikoko. Haina lango wala tiketi. Kinachovutia hapo ni makazi yenyewe, msikiti, madau ya wavuvi, na wazee ambao usemi wao bado una alama za Kijomvu. Inafaa mwanafunzi aende akiwa na mwenyeji, awasalimu wazee kwa "shikamoo" kabla ya kuuliza lolote, na asitoe kinasa sauti hadi apewe ruhusa. Mbele kidogo, Miritini, ndipo ilipo stesheni ya reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017. Katika eneo moja, basi, mtu anaweza kuona makazi ya taifa la kale, njia ya reli ya mkoloni na reli ya karne hii.

Kutoka Miritini barabara ya Nairobi hupanda hadi Mazeras, katika Kaunti ya Kilifi, ambako njia ya Rabai huchepuka. Rabai ndiko Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walikoweka kituo chao mwaka 1846, baada ya wazee wa Warabai kuwapokea. Ni kutoka hapo Rebmann alikofunga safari ya mwaka 1848 iliyomfikisha mahali pa kuuona Mlima Kilimanjaro, na Krapf ile ya mwaka 1849 iliyomwonyesha Mlima Kenya. Wanajiografia kadhaa wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na Ikweta. Nyumba za wamisionari hao bado zimesimama, na jengo la kanisa la kwanza limegeuzwa makumbusho. Rebmann alikaa huko miaka mingi hata akapofuka, akaondoka mwaka 1875 na kufariki mwaka uliofuata.

Rabai ilikuwa pia kimbilio la watumwa watoro. Jambo hilo lilileta ugomvi mkubwa kati ya kituo hicho na waliowamiliki, hadi George Mackenzie wa Kampuni ya Kibeberu alipowalipa fidia wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa hiyo Freretown na Rabai ni sura mbili za historia moja: ya kwanza ni ya waliookolewa na wengine, ya pili ni ya waliojikomboa kwa miguu yao wenyewe. Sura hiyo ya pili haijapata nafasi ya kutosha katika fasihi ya Kiswahili.

Mlango wa Tatu: Likoni na Pwani ya Kusini

Mlango wa kusini ndio wenye watu wengi zaidi. Neno "liko", ambalo katika Kiunguja ni "diko", lina maana ya mahali vyombo vinapopwelea na kushusha watu. Likoni basi ni penye liko, na kwa kweli mahali hapo pamebaki vile vile tangu jina lilipotolewa. Feri huvuka mkondo wa Kilindini usiku na mchana. Waendao kwa miguu hawalipi, bali magari hulipa. Alfajiri umati huelekea kisiwani na bandarini kazini, jioni hurudi. Hakuna makumbusho yanayomwonyesha mgeni maisha ya Mombasa kwa uwazi kuliko safari hiyo ya dakika chache: wanafunzi wenye sare, wachuuzi wa mihogo na njugu, mafundi wenye mikoba ya zana, akina mama waliojifunga leso, mikokoteni na malori yakiwa yamebanana juu ya sakafu moja ya chuma.

Kivuko hiki kina huzuni yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikitoka Mtongwe, jirani na Likoni, ilipinduka na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini. Yeyote anayeona uvukaji huo kama mandhari ya kupiga picha anapaswa kukumbuka kwamba kwa wakazi wa ng'ambo maji hayo ni njia ya riziki, na yamekwisha kudai roho za watu. Katika miaka ya 2020 barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja yanayovuka mahori kutoka upande wa Miritini, imewapa wenye magari njia nyingine ya kufika kusini bila kupanda feri. Mtu wa miguu bado hutegemea liko.

Kutoka Likoni barabara ya Lunga Lunga huingia Kaunti ya Kwale. Kati ya Tiwi na Diani, penye mlango wa Mto Mwachema, kuna Msikiti wa Kongo, jengo la kale la mawe lililozungukwa na mibuyu mikubwa. Tofauti na magofu ya Jumba la Mtwana, msikiti huu ungali unasaliwa. Mgeni huvua viatu, huvaa nguo za heshima, na husubiri sala imalizike.

Mbele ya Diani ipo Kaya Kinondo ya Wadigo. Kaya ni misitu iliyokuwa makazi yenye ngome ya Wamijikenda, na ambayo baadaye ilibaki kuwa mahali pa makaburi, matambiko na mashauri ya wazee. Kaya kadhaa, zikiwemo za Rabai na Kinondo, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kinondo ni miongoni mwa chache zinazopokea wageni kwa utaratibu maalumu. Mgeni huongozwa na mwenyeji, hufungwa kaniki, na huambiwa masharti: asichume jani, asiokote kitu, asipige kelele. Mwongozaji hueleza mti gani ni dawa ya nini na kwa jina gani la Kidigo. Masharti hayo, ambayo mgeni huenda akayaona kuwa ni ushirikina, ndiyo yaliyouhifadhi msitu. Nje ya mpaka wa kaya miti imekatwa, ndani bado imesimama. Hakika, wataalamu wa mimea wamegundua kwamba misitu hii midogo imehifadhi aina za miti ambazo ni adimu kwingineko.

Maandalizi na Adabu za Safari

Safari zote tatu zinawezekana kwa matatu, tuktuku na bodaboda, mradi msafiri aondoke mapema. Ya kwanza inahitaji siku nzima, na ni afadhali kuanzia mbali, Jumba la Mtwana, asubuhi kabla ya jua kali, kisha kurudi polepole hadi Kengeleni. Ya pili inafaa kuanza Rabai, kwa kuwa jioni malori hujaa barabara ya Changamwe. Ya tatu hutegemea foleni ya kivuko, hivyo anayekwenda kinyume na umati hupata nafuu.

Lililo muhimu zaidi ni adabu. Mahali pengi palipotajwa si maonyesho. Ni makanisa, misikiti, makaburi na makazi ya watu. Ruhusa huombwa kwa maneno, siyo kwa kuinua kamera. Mwongozaji wa mtaani hulipwa kwa haki. Na mwanafunzi anayekusanya maneno au masimulizi anapaswa kurudisha alichokipata kwa waliompa, angalau nakala ya kazi yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ng'ambo ya Mombasa si ukumbi wa kupitia kuelekea kisiwani. Kisauni ina historia ya waliokombolewa na ya maandishi ya Kimvita, Changamwe na Jomvu zina chimbuko la mataifa ya mji na njia iliyouondoa mji mkuu, Rabai ina kumbukumbu ya watoro, Likoni ina maisha ya wanaouendesha mji kila siku, nazo kaya za Wamijikenda zina elimu ya msitu na lugha.

Hata hivyo, hazina hiyo haina ulinzi ulio sawa. Fort Jesus ina walinzi, tiketi na wataalamu. Kaya na magofu yaliyosajiliwa yana sheria, ingawa viwanja vya kujenga huyasogelea mwaka hadi mwaka. Lakini usemi wa wazee wa Jomvu, kumbukumbu za familia za Kengeleni na simulizi za watoro wa Rabai hazina ukuta wala tiketi. Mzee mmoja anapofariki, sehemu yake huondoka naye. Huo ndio urithi ambao vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuuhifadhi kwa gharama ndogo: daftari, kinasa sauti, nauli ya matatu na subira. Waswahili husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Anayevuka kwenda ng'ambo kwa nia ya kusikiliza ana hakika zaidi ya kurudi na kitu mkononi.